SIKU SITA ZA KAZI KULIPIA SIKU MOJA YA KUPUMZIKA

Ndugu wafanyakazi,

Sisi watu wa reli tumezoea hesabu. Mzigo hupimwa kabla treni haijaondoka, mafuta hupimwa, saa huandikwa pamoja na dakika zake, na mtu akichelewa kidogo huulizwa sababu. Basi leo twataka tufanye hesabu nyingine, ambayo hakuna ofisi iliyopata kutuuliza habari zake. Ni hesabu ya kuwatoa watoto wetu matembezi siku moja tu, wakaione nchi yao.

Tuchukue jamaa ya kawaida: baba, mama, na watoto wanne wanaosoma. Wakaa Nairobi. Hawataki hoteli, hawataki kulala nje, hawataki makuu. Wataka Jumapili moja waende Mbuga ya Taifa ya Nairobi wakamwone simba, jioni warudi nyumbani. Mbuga hiyo ilitengwa mwaka 1946, na iko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Wako wenzetu ambao wakisimama nje ya nyumba zao usiku husikia sauti za wanyama.

Kwa miaka mingi kiingilio cha mwananchi katika mbuga hiyo kilikuwa shilingi 430 kwa mtu mzima na shilingi 215 kwa mtoto. Jamaa yetu ingelipa shilingi 1,720. Kisha mwaka 2025 zikatolewa kanuni mpya za ada, nazo zikataja shilingi 1,000 kwa mtu mzima na shilingi 500 kwa mtoto. Jumlisheni wenyewe: wazazi shilingi 2,000, watoto shilingi 2,000, yote ni shilingi 4,000. Ada hupandishwa, hubishaniwa, hubadilishwa tena. Lakini karatasi ile imekwisha kutuonyesha wazi jinsi walioiandika wanavyomfikiria mfanyakazi, au kwamba hawakumfikiria hata kidogo.

Sasa tuweke mshahara kando ya bei hiyo. Kima cha chini kilichotangazwa kuanzia Novemba 2024 kwa kibarua wa kawaida katika Nairobi, Mombasa na Kisumu kilikuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, bila ya posho ya nyumba. Tukihesabu siku 26 za kazi, mtu huyo apata kama shilingi 620 kwa siku. Na hizo ni kabla ya makato. Hapo hatujatoa asilimia 2.75 ya bima ya afya, wala asilimia 1.5 ya nyumba, wala NSSF. Basi shilingi 4,000 ni karibu robo ya mshahara wake wa mwezi. Ni kazi ya siku sita na karibu nusu ya siku ya saba.

Ndugu, tazameni jambo hili vizuri. Katika shule za misheni tulikosoma tulifundishwa kwamba mtu afanye kazi siku sita, na ya saba apumzike. Hatukufundishwa kwamba siku ya saba itameza mshahara wa zile sita zote. Mfanyakazi huyu akitaka kupumzika Jumapili na watoto wake, itampasa kwanza afanye kazi Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, asile, asilipe kodi ya nyumba, asinunue hata kiberiti, ndipo alipie kiingilio. Tena bado amesimama getini. Hajaona hata swala.

GETI NI MWANZO TU

Wako wanaosema, "Shilingi elfu ni nini siku hizi?" Hao huja na motokaa yao wenyewe. Katika mbuga ile haruhusiwi mtu kuingia kwa miguu, na sababu yake ni nzuri, kwa maana simba hana habari ya chama cha wafanyakazi. Lakini ikiwa ni lazima mtu aingie kwa gari, na gari hana, basi ada ya getini si bei yenyewe. Bei yenyewe ni ada, na juu yake gari la kukodi, na juu yake nauli ya matatu ya watu sita kutoka mtaani kwenda na kurudi. Mara nyingi gari la kukodi ndilo linalovunja safari kabisa. Baba hupiga simu, huambiwa bei, hukata simu, huwaambia watoto mvua itanyesha.

Kisha kuna chakula. Mama wa watoto huamka saa kumi alfajiri siku ambayo wengine wanaiita ya kupumzika, akaanza kupika chapati na kuchemsha mayai, kwa sababu ajua kwamba mahali popote palipo wageni maji ya chupa na viazi vya kukaanga huuzwa kwa bei ya wageni. Akisahau kitu kimoja, safari nzima imepanda bei. Na mahali pengine, ndugu, hata chakula hicho cha nyumbani huzuiwa mlangoni, ili ununue cha ndani. Mahali pa michezo ya watoto ndipo pabaya zaidi. Kuingia ni pesa, bembea ni pesa nyingine, farasi ni pesa nyingine, na kupakwa rangi usoni ni pesa nyingine. Mtoto hajui habari hizo. Yeye huona bembea iko tupu na huuliza kwa nini asipande. Mzazi atamjibu nini?

Wala sisi watu wa reli tusijifanye kwamba jambo hili liko kwa wengine tu. Treni ya Nairobi hadi Mombasa ilipoanza mwaka 2017, nauli ya daraja la chini ilikuwa shilingi 700. Tangu tarehe 1 Januari 2024 ikawa shilingi 1,500, nayo sababu iliyotolewa ni bei ya mafuta. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Jamaa yetu ya watu sita, ikiwa watoto wote wanne wako chini ya miaka 12, ingelipa shilingi 6,000 kwenda na shilingi 6,000 kurudi. Jumla ni shilingi 12,000, karibu robo tatu ya kima cha chini tulichokitaja. Na huko Mombasa hawajala, hawajalala, wala hawajaingia Ngome ya Yesu. Wangoja tu bahari, ambayo Mungu hakuwekea geti.

NANI ALIYEJENGA NA NANI ANAYETAZAMA

Jambo linalotuuma zaidi si bei peke yake. Ni kwamba mahali hapa twalipishwa kuona, sisi na wazee wetu ndio tuliopatolea jasho.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Victoria. Mji huu wa Nairobi ulizaliwa na reli. Waliletwa wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa katika kazi hiyo. Waafrika nao walibeba mizigo, wakafyeka misitu, wakachimba udongo. Huko Tsavo mwaka 1898 simba wawili walikula wafanyakazi wa daraja usiku baada ya usiku. Simba hao waliuawa mwezi wa Desemba mwaka ule ule, na tangu miaka ya 1920 wako katika jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago. Kwa hiyo mjukuu wa aliyeliwa akitaka kumwona aliyemla babu yake, na apande ndege aende Marekani.

Leo hali imebadilika kwa sura, si kwa moyo. Tangu Oktoba 2019 treni ya kwenda Suswa hupita juu ya Mbuga ya Nairobi kwa daraja la urefu wa kilomita 6 na zaidi. Mwenzetu aliye kazini humwona twiga akila majani chini yake, huwaona pundamilia wakitembea kati ya nguzo. Huyaona hayo bure, tena akilipwa mshahara. Lakini jioni akirudi nyumbani watoto wake humsikiliza kama watu wanaosimuliwa habari za nchi ya mbali. Nao wakaa upande wa pili wa ua.

Na simba mwenyewe hufanya nini? Kila baada ya muda hutoka mbugani, akapita Lang'ata au Kitengela, akaingia mabomani mwa watu akala mbuzi. Simba akija kwetu haulizwi tikiti. Sisi tukienda kwake twaulizwa. Na mfugaji akipoteza ng'ombe wake, fidia iliyotajwa katika sheria ya wanyama ya mwaka 2013 yatakiwa kutoka katika fedha za umma, yaani kodi zetu. Basi simba huyu sisi ni wenzi wake katika hasara. Mbona katika faida hatujulikani?

Watoto wetu wengi huwajua wanyama wa Kenya kwa njia moja tu, nayo ni sarafu. Tangu sarafu mpya zilipotoka mwaka 2018, twiga yuko katika shilingi moja, kifaru katika shilingi tano, simba katika shilingi kumi, na ndovu katika shilingi ishirini. Kwa shilingi 36 mtoto wa mfanyakazi amekwisha maliza mbuga yote. Akimpa kondakta wa matatu, wanyama wamekwenda zao.

Hapo zamani, wakati wa ukoloni, mlangoni pa hoteli na vilabu vingi tulizuiwa kwa rangi ya ngozi. Rangi ile ilifutwa. Hakuna askari leo atakayemwambia Mwafrika arudi kwa sababu ni Mwafrika. Atamwambia tu bei, kwa heshima na kwa tabasamu, na Mwafrika atarudi mwenyewe. Twauliza: yule mtoto aliyebaki nje ya ua ataona tofauti gani?

TWAJIBU WANAOPINGA

Tumesikia majibu matatu, nasi twataka kuyajibu moja moja, maana hatupendi kupiga kelele bila haja.

Jibu la kwanza lasema: wanyama wahitaji pesa. Askari wa mbuga lazima walipwe, ua utengenezwe, na majangili wafukuzwe. Hayo ni kweli, wala hatuyakatai. Askari wa mbuga ni mfanyakazi kama sisi. Hulala porini, na wako waliouawa kwa risasi za majangili. Hatutaki hata senti moja ya mshahara wake ipunguzwe ili sisi tutembee. Lakini twasema, mzigo na upimwe kwa nguvu ya mbebaji. Kanuni zile zile za mwaka 2025 zilitaja dola 80 kwa mgeni kutoka ng'ambo kuingia Mbuga ya Nairobi. Mgeni aliyelipa nauli ya ndege na hoteli ataona dola 80 ni sehemu ndogo ya safari yake. Kibarua wa Industrial Area ataona shilingi 4,000 ni unga wa mwezi. Bei ya mgeni huweza kupanda naye akaja. Bei ya kibarua ikipanda, haji, na mbuga haipati elfu moja wala mia nne na thelathini. Haipati kitu. Je, hiyo ndiyo biashara?

Tena kuna faida isiyoandikwa katika kitabu cha karani. Mtoto aliyemwona kifaru kwa macho yake akiwa na miaka minane, huyo akiwa mtu mzima hatanunua pembe yake, wala hatanyamaza mbuga ikikatwa vipande. Mtoto ambaye hakumwona kamwe, siku mbuga ikiuzwa atauliza, "Ilikuwa na faida gani kwetu?" Nasi hatutakuwa na la kumjibu. Wenye kupanga bei wakumbuke kwamba ua bora wa mbuga ni watu wanaoipenda.

Jibu la pili lasema: matembezi ni anasa, mfanyakazi na aombe kwanza unga, kodi ya nyumba, na karo. Neno hili husemwa na wakubwa, lakini ni vibaya kwamba hata wenzetu wengine hulisema. Ndugu, tangu lini binadamu akawa tumbo peke yake? Ng'ombe wa kulima hupewa majani na maji, akafungwa zizini, asubuhi akatolewa tena. Mfanyakazi si ng'ombe wa kulima. Kupumzika hakukuletwa kwetu kama zawadi. Chama cha Labour Trade Union of Kenya, alichokiongoza Makhan Singh tangu mwaka 1935, kilipigania siku ya kazi ya saa nane wakati waajiri walipoona jambo hilo ni wazimu. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 24, lasema kila mtu ana haki ya kupumzika na kuwa na wakati wake. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mfanyakazi apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka. Twapewa siku. Lakini siku ambayo huna mahali pa kuipeleka ni siku ya kukaa chumbani, watoto wakigombana, baba akaenda kilabuni, mama akafua nguo. Halafu watu wa mahubiri hutulaumu kwamba wanaume wa landi hawakai na watoto wao. Tukae nao wapi?

Jibu la tatu lasema: nendeni mahali pa bure. Vema. Mahali pa bure tunapapenda, na tukipapata tunapajaza. Mtu na atazame ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta huko Mombasa siku ya Krismasi au Idi, aone kama wafanyakazi hawapendi matembezi. Lakini mahali hapo ni pachache, na pamebaki kwa sababu watu walipigana. Bustani ya Uhuru ilifunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 ilitakiwa lijengwe ndani yake jumba la orofa 60, na Profesa Wangari Maathai akasimama akapinga, akatukanwa, akadharauliwa, lakini jumba halikujengwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1999, alipigwa hata akajeruhiwa akitetea Msitu wa Karura usigawanywe viwanja. Kama mama yule angekaa kimya, leo hata hapo pa kukaa majanini tungekuwa twaonyeshwa kwa kidole kutoka barabarani. Na huko pwani njia za kushuka baharini kati ya hoteli na hoteli huzibwa moja baada ya nyingine, ingawa ufuo ni wa watu wote. Basi anayetuambia twende mahali pa bure, na atusaidie kwanza kupalinda.

MTOTO ANAYEBAKI

Liko jambo moja ambalo wazazi wengi hawalisemi kwa sababu ya haya, nasi twalisema hapa kwa niaba yao. Ni karatasi ya safari ya shule. Mwalimu huwapa watoto karatasi: siku fulani darasa litakwenda mbugani au makumbusho, kila mtoto alete kiasi fulani. Mwalimu hana kosa, basi lazima lilipwe. Mzazi huisoma karatasi ile, huikunja, huiweka chini ya redio. Siku ya safari ikifika, watoto thelathini huingia basi na wengine kumi hubaki darasani wakipewa kazi ya kuchora. Kesho yake wale thelathini husimulia, na wale kumi husikiliza. Mtihani ukija ukauliza habari za wanyama, wote huulizwa swali lile lile.

Mtoto huyo anayebaki hajui kima cha chini, hajui kanuni za ada, wala hajui bei ya mafuta ya treni. Ajua jambo moja tu, kwamba baba yake afanya kazi kila siku na bado hakuweza. Hapo ndipo tunapoumia. Mtu aweza kustahimili kula sukuma wiki siku zote. Lakini kuwa mdogo machoni pa mtoto wake mwenyewe, kwa sababu ya tikiti, si jambo la kustahimili.

YANAYOTAKIWA

Kulalamika peke yake ni kazi ya kuku. Sisi twatoa maneno haya yafikiriwe na kila tawi:

1. Kila mwezi iwekwe Jumapili moja ambayo mtoto wa shule, akifuatana na mzazi wake, ataingia bure katika mbuga za taifa na majumba ya makumbusho ya serikali.

2. Iwepo tikiti moja ya jamaa, yaani baba, mama na watoto wao wote, kwa bei isiyozidi mshahara wa siku moja wa kima cha chini. Asiadhibiwe mtu kwa kuwa na watoto wanne.

3. Mahali ambapo mtu haruhusiwi kuingia kwa miguu, liwepo basi la umma getini siku za Jumamosi na Jumapili, kwa nauli ndogo, ili asiye na motokaa asikae nje.

4. Siku za sikukuu na likizo za shule, reli iweke behewa za matembezi kwa nauli iliyopunguzwa. Wazee wa reli wanakumbuka pasi za likizo zilizomwezesha mtu kusafiri na watoto wake. Neno hili si geni, limesahauliwa tu.

5. Njia za umma za kwenda baharini na bustani za umma zisizibwe wala zisiuzwe. Tawi lililo karibu na mahali hapo liwe macho, likiona ua unajengwa litoe habari mapema.

6. Chama chetu, kitakapokaa mezani na waajiri kuandika mkataba mpya, kitie ndani siku moja ya jamaa kwa mwaka, pamoja na usafiri. Waajiri hutumia pesa kuwapeleka wakubwa mikutano ya hotelini kando ya bahari. Basi moja kwa mwaka kwa watoto wa wafanyakazi halitawafilisi.

Na wakati tukidai hayo, tusikae tumekunja mikono. Mtu mmoja hawezi kukodi gari. Jamaa kumi huweza kukodi basi. Tawi likitoza wanachama wake kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, kwa daftari lililo wazi na mweka hazina anayeaminika, baada ya miezi michache watoto wa tawi zima watakwenda, na hakuna atakayebaki akichora. Mama zetu wana vyama vyao vya kuzungushiana pesa, navyo husimama miaka mingi bila ofisi wala mhuri. Tuwaulize, watatufundisha.

Ndugu wafanyakazi, wako watakaocheka wakisema chama cha wafanyakazi kimeacha mambo ya mishahara kikaanza kuomba kwenda kutazama nyani. Wacheni wacheke. Hili ndilo jambo la mshahara lenyewe. Mshahara ambao wamtosha mtu kurudi kazini kesho yake tu, haumtoshi. Tuliijenga reli na twaiendesha; twafua shuka za hoteli, twabeba mizigo ya wageni, twafagia njia za mbuga, twalipa kodi. Nchi hii si picha ya kuuziwa wageni huku wenyewe tukishika fremu.

Mkutano wa tawi ujao, kila mwanachama aje na hesabu yake iliyoandikwa: watoto wangapi, kiingilio kiasi gani, gari kiasi gani, chakula kiasi gani, na siku ngapi za kazi zimeliwa. Katibu azikusanye zote. Tukiwa na karatasi hizo mkononi hatutaambiwa tena kwamba shilingi elfu si kitu.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa reli.